Saa Yenye Nyuso Mbili

Kutaisi, Novemba, mvua imegoma kukatika.
Ukumbi wa sataranji nimeufagia mwenyewe,
mimi Shalva, mtunza saa,
miaka thelathini na moja nikiwapimia dakika
watu wanaofikiri kimya.

Leo wamekuja wanaosema.
Wanajiita wadau wa mtandao.
Vibao vya majina nimevipanga kwa alfabeti
pasiwe na wa mbele kwa cheo.
Vakhushti wa wizara kakikuta chake mlangoni, penye baridi,
akakitazama kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari.

Dakika tatu kila mmoja.
Nimewawekea saa yangu ya mbao, nyuso mbili,
vitufe viwili vya shaba:
unasema, uso wako unakwenda;
ukibonyeza, wa mwenzako unaanza.
Haimjui waziri. Haimjui mkamua ng'ombe.

Kila mwamba ngoma akavutia ngozi kwake.
Fiachra, mwanasheria wa kampuni, alivutia kwa upole,
hata hukuona ngozi ikisogea.
Sitadanganya: nilisinzia mara mbili.
Mtu mmoja alitamka "ustahimilivu" mara kumi na nne,
nimehesabu, ndiyo kazi yangu.

Guranda haoni. Saa aliisikiliza.
Alisema tovuti ya hospitali humsomea hivi:
picha, picha, kitufe, picha.
Kisha akanyamaza,
akaiacha dakika nzima ipite
tusikie anachokisikia.

Akafuata Pirimze, kutoka bonde lililo juu ya Mestia,
mwenye ng'ombe kumi na mmoja
na matope ya safari kwenye pindo la koti.
Mlingoti wao waliusimamisha wenyewe, kijiji kizima;
Februari theluji ikaulaza.
Kuuinua tena kunataka leseni.
"Na fomu ya leseni," alisema, "inapatikana mtandaoni tu."
Ukumbi ukacheka.
Yeye hakucheka. Akabonyeza shaba, akakaa.

Wakati wa chai nilimwona Vakhushti
amesimama na Tariel, fundi wa minara, dirishani,
Pirimze katikati yao akiwaonyesha milima kwa vidole vya mkono wake,
huu mlima, hili bonde, hapa mlingoti.
Wakaandika tarakimu za masafa
juu ya karatasi iliyofungia mkate wa jibini,
karatasi imelowa mafuta.
Hakukupigwa kura. Hakukuwa na muhuri.
Karatasi ikaingia mfukoni mwa wizara.
Kama itatoka, sijui.

Jioni ndiyo ikaja habari ya fedha.
Mwakani hazipo, au zipo nusu.
Kijana mmoja wa tathmini, suti mpya, akauliza:
"Miaka yote hii mmeamua nini?"
Kwa nini isiwe serikali peke yake,
chumba kidogo, saa moja, kazi imekwisha?
Hakuna aliyemjibu. Swali lilikuwa la haki.

Nami siruhusiwi kusema, ningemwambia
kwamba katika daftari langu sare ni nyingi kuliko ushindi,
na hakuna aliyekuja na nyundo
kuubomoa ukumbi kwa sababu ya sare.
Watu walirudi Jumanne wakapanga kete upya,
na aliyemchukia mwenzake alijua walau
mkono wake hutetemeka akikaribia kukosea.

Pirimze ndiye aliyeinuka, bila zamu, bila kipaza sauti.
"Huko chumba kidogo," aliuliza,
"nani ataibonyeza saa?"

Wameondoka. Nimezima taa za nyuma.
Mezani vikombe, na kibao kimoja
cha mtu aliyealikwa, viza ikamkwamisha;
jina lake sijui hata linatamkwaje.
Nimelipangusa vumbi.

Saa naijaza ufunguo kila usiku,
nairudisha mishale mwanzo.
Leo uso mmoja nimeuacha ulivyo:
Pirimze alibonyeza mapema,
akabakiza sekunde arubaini.
Mwakani, kama mwakani upo,
ataanzia hapo.